Nani alimpa Olonana kalamu? Uzi wa mikataba ya Wamaasai, 1904 na 1911

MzeeWaMnada (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Kazi yangu ni ng'ombe. Nanunua Longido, navusha Namanga, nauza Kajiado. Wiki tatu zilizopita nilishapatana bei na mzee mmoja wa Kimaasai, ng'ombe madume kumi na mmoja. Hela nimeshahesabu, imebaki aweke dole gumba kwenye karatasi ya mauziano. Akagoma. Akakaa chini ya mgunga, akatoa ugoro wake, akasema anawangoja wenzake wawili wa rika waje waone. Nikamwambia, mzee wangu, ng'ombe ni wako, alama ya moto ni yako, hao wenzako wa nini? Akanijibu bila hata kuniangalia: "Olonana naye alisaini haraka."

Nilikaa juani saa mbili na nusu. Niliporudi nyumbani nikaanza kufukunyua huyo Olonana ni nani hasa, maana mimi nilikuwa namjua kama jina la barabara na shule kule Nairobi, Lenana. Nilichokikuta ndicho nakileta hapa. Kwa ufupi, ninavyoona mimi, kabla Mwingereza hajaichukua ardhi ya Wamaasai ilibidi kwanza atengeneze mtu wa kuitoa.

Tuanze na Olonana alikuwa nani kwa watu wake. Alikuwa laiboni, mtoto wa laiboni mkubwa Mbatian. Laiboni anapiga ramli kwa mawe, anatabiri, anawabariki morani kabla ya vita. Anaogopwa kweli kweli. Lakini habari ya nani alishe wapi, nani anywee kisima gani, vita vianze au viishe, hiyo ni ya wazee na marika. Msemaji wa rika ni laigwanani. Anachaguliwa na wenzake, anakabidhiwa rungu jeusi, na kazi yake ni kusema walichokubaliana kikaoni. Hana ufalme. Tena kila seksheni, Wapurko, Waloita, Wamatapato, Wakisongo na wengine, ina nchi yake na wazee wake. Hakukuwa na Mmaasai mmoja wa kuuzia nchi nzima, kama vile mimi siwezi kuuza mnada mzima kwa sababu nina kibanda pale.

Nakula kwanza, narudi.

Chumvi Kiasi

Nimeshaweka kigoda na karanga. Ole wako upotee kama wale wa "itaendelea".

Enkare

Mzee wa mnada, umeanza vizuri ila umeruka kitu. Bila kuisema emutai hutaeleweka. Kwetu wazee wakitamka hilo neno wanashusha sauti. Maana yake ni kumalizwa. Kati ya miaka ya 1880 na mwanzoni mwa miaka ya 1890 ulikuja ugonjwa wa mapafu wa ng'ombe, ikaja sotoka, halafu ndui kwa watu. Maboma yakabaki matupu. Mbatian mwenyewe akafa katikati ya balaa hilo. Sasa Mmaasai asiye na ng'ombe atasimama na nani? Reli ya Mwingereza ilipofika Nairobi mwaka 1899 ilipita kwenye nchi ya watu waliokuwa ndiyo kwanza wanaokota wanyama wao.

MzeeWaMnada

Asante sana Enkare, hapo umenisaidia. Na balaa lile likaja na la pili: ugomvi wa watoto wa Mbatian. Simulizi inasema Mbatian alimwambia mkubwa, Sendeyo, aje alfajiri apokee vifaa vya ulaiboni. Mdogo, Olonana, akasikia, akawahi. Mzee alikuwa haoni vizuri, akampa aliyetangulia. Sendeyo akaondoka kwenda kusini, upande uliokuwa wa Mjerumani, na ndugu hao na watu wao wakapigana mpaka mwaka 1902.

Waingereza walimkuta Olonana akiwa na njaa, akiwa na adui wa damu, akitafuta mgongo wa kuegemea. Wakampa mgongo. Na wakampa cheo ambacho hakikuwapo: Chifu Mkuu wa Wamaasai wote.

Pembeni kidogo: vilele vya Mlima Kenya vimeitwa majina yao. Batian ni cha juu kabisa, mita 5,199, na bila kamba na vyuma hufiki. Lenana ni mita 4,985, na ndicho ambacho mgeni yeyote mwenye pumzi anakipanda kwa miguu. Sendeyo naye ana kilele chake, kiko chini yao.

Kaka Moshi

Hahaha, hapo kwenye mgeni kupanda kwa miguu umeua.

MzeeWaMnada

Sasa 1904. Ile reli ilikuwa inakula hela na haina mzigo. London inataka walowezi walime, mazao yasafirishwe, reli ijilipe. Na ardhi nzuri kuliko zote kando ya reli ni Bonde la Ufa, Naivasha na Nakuru, ambako Wamaasai wako na mifugo yao. Kampuni ya East Africa Syndicate ilikuwa inataka maili za mraba 500. Mlowezi Lord Delamere alishapewa ekari 100,000 kule Njoro mwaka uliotangulia.

Mwezi wa Agosti 1904, Kamishna Donald Stewart akaweka mkataba. Olonana wa kwanza kwenye orodha, wengine wakafuatia na alama zao. Karatasi inasema Wamaasai wameamua kwa hiari yao kuhamisha watu na mifugo, wakae mbali na reli na mbali na ardhi yoyote itakayofunguliwa kwa Wazungu. Ile "kwa hiari yetu" isomeni mara mbili, halafu jiulizeni ni mfugaji gani anaamka asubuhi akaamua kwa hiari kuiacha Naivasha, maji matamu na nyasi.

Wakapewa maeneo mawili: moja kaskazini, Laikipia, jingine kusini mwa reli. Kati yake iachwe njia ya upana wa nusu maili, ili watu wa kaskazini na kusini waendelee kukutana. Na kule Kinangop watengewe maili tano za mraba kwa ajili ya sherehe za jando. Hayo mawili yanaonyesha kwamba wazee walizungumza. Mtu aliyekata tamaa haombi njia ya kwenda jandoni.

Na mwisho kabisa mkataba ukasema utadumu muda wote ambao Wamaasai watakuwapo kama taifa.

Chumvi Kiasi

Ukadumu?

MzeeWaMnada

Miaka saba.

Mtu wa Kapsabet

Mimi ni Mnandi, naomba niseme ambalo wengine hawatapenda. Msimpambe sana Mmaasai hapa kama kondoo. Hiyo miaka ya mwanzo morani wa Kimaasai walikuwa wanaandamana na majeshi ya Mwingereza kwenda kupiga majirani, na mgao wao ulikuwa ng'ombe. Walivyojaza tena maboma baada ya emutai, sehemu ilitokana na hiyo kazi. Sisi tulikuwa upande wa pili wa mkuki.

Na sisi kiongozi wetu hakusaini. Koitalel arap Samoei, orkoiyot (kiongozi wetu mtabiri), aliitwa kwenye mazungumzo ya amani tarehe 19 Oktoba 1905, akapigwa risasi na Richard Meinertzhagen. Kwa hiyo mzee wa mnada, usaini wanachukua, ugome wanachukua.

MzeeWaMnada

Mtu wa Kapsabet, sipingi hata neno moja. Suala la ng'ombe wa mateka ni kweli tupu, na ndiyo sababu mojawapo Olonana aliona faida ya ule urafiki.

Ila angalia jambo moja linalotuunganisha. Ukoo wa Talai, wa maorkoiyot wenu, asili yao inatajwa kuwa ni hao hao malaiboni wa Kimaasai. Na mwaka 1934 serikali ilipoutoa ukoo huo kwa ndugu zenu Wakipsigis na kuupeleka Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, sheria yenyewe iliitwa ya kuwaondoa Malaiboni. Laiboni wa kusini akafanywa Chifu Mkuu kwa sababu alikubali, laiboni wa kwenu akafukuzwa kwa sababu alikataa. Cheo ni kile kile, Mwingereza alikuwa anakipaka rangi tu kulingana na shida yake.

Mtu wa Kapsabet

Hapo tuko pamoja. Endelea.

MzeeWaMnada

1911 ndipo penyewe.

Walowezi walipoona Laikipia ilivyo, wakaitaka nayo. Nusu maili ya njia ilikuwa haitumiki, karantini za magonjwa ya mifugo zimeiziba. Gavana wakati huo ni Percy Girouard. Tarehe 7 Machi 1911 Olonana akafa. Serikali ikatangaza kwamba wosia wake wa mwisho ulikuwa Wamaasai wa kaskazini wahamie kusini, wote wawe kitu kimoja. Yaani marehemu aliacha wosia ambao kwa bahati nzuri ulikuwa ndio mpango wa serikali. Mimi nimeuza ng'ombe miaka ishirini na mbili, nikisikia bei nzuri namna hiyo natafuta kilema.

Mwezi haujaisha vizuri, tarehe 4 Aprili 1911, mkataba mpya uko mezani. Wa kwanza kutajwa ni Seggi, mtoto wa Olonana, kwa cheo cha Chifu Mkuu wa Wamaasai wote. Na Seggi huyo alikuwa hajafikia umri, kwa hiyo wakatajwa na wasimamizi wake! Ukisoma ile orodha ya saini ni kama baraza la mfalme, kuna hadi mtu ameandikwa Waziri Mkuu. Watu wa Laikipia ndio wanahamishwa, lakini juu kabisa ya karatasi amekaa mtoto wa Ngong, huko kusini, ambaye hajawahi kuwaongoza.

Enkare

Mwambie na kuhusu Legalishu.

MzeeWaMnada

Nafika. Legalishu, au Parsaloi Ole Gilisho, alikuwa laigwanani wa Wapurko wa kaskazini. Huyu ndiye aliyekuwa na rungu kweli. Huyu ndiye aliyekuwa anakataa kuhama. Yeye hakuwa mtu wa ramli wala hakuwa mtu wa Ngong, alikuwa ni

(samahani, umeme umekatika, namalizia kwa simu)

alikuwa ni mtu wa watu wake.

Wakili wa Kijijini

Hapo nakukatisha. Legalishu naye alama yake iko kwenye mkataba wa 1911. Tena hata kwenye ule wa 1904 yumo. Kwa hiyo nadharia yako ya "laiboni alisaini, laigwanani alikataa" ina tundu. Wote walisaini.

MzeeWaMnada

Kweli, nilikuwa naanza kumpamba. Alama yake ipo. Lakini wewe ni wakili, unajua tofauti ya kusaini na kuridhia. Alikuwa amekataa, akabanwa na maofisa, akatia alama, halafu mwaka uliofuata akawa nyuma ya kesi ya kusema ule mkataba haufai. Hebu tueleze kesi wewe, mimi sheria siijui.

Wakili wa Kijijini

Sawa, kwa Kiswahili cha kawaida.

Kwanza uhamisho ulianza 1911, mifugo ikapelekwa kupitia milima ya Mau, baridi na mvua, wanyama na watu wakafa, ukasimamishwa. Mwaka 1912 Wamaasai wa kaskazini wakafungua kesi, inajulikana kwa jina la mlalamikaji wa kwanza, Ol le Njogo. Daktari mmoja Mwingereza wa serikali, Norman Leys, alikuwa anawasaidia chini kwa chini na kupeleka habari London, mwishowe akahamishiwa Nyasaland (Malawi ya leo). Wakili wao aliitwa Morrison.

Hoja yao kubwa ilikuwa: mkataba wa 1904 uko hai, na ule wa 1911 haukufanywa na watu wenye mamlaka ya kuwafunga Wamaasai wa Laikipia. Yaani hoja hiyo hiyo ya mzee wako chini ya mgunga.

Wakati kesi inaendelea, mifugo ikaswagwa tena. Takwimu zinazotajwa ni watu wapatao 10,000, ng'ombe 175,000, na kondoo zaidi ya milioni moja. Kesi ilipotupwa Mei 1913, Laikipia ilikuwa imeshakuwa tupu. Rufaa ikatupwa Desemba 1913.

Sababu ndiyo inayoniumiza kila nikiisoma. Mahakama haikusema mkataba ulikuwa halali kwa Wamaasai. Ilisema Wamaasai si raia wa Mfalme, hii ni nchi lindwa, wao ni kama dola la kigeni. Mkataba kati ya Taji na dola la kigeni ni kitendo cha dola, na mahakama ya kawaida haina uwezo wa kukiangalia. Wakapewa hadhi ya dola kwa dakika kumi, ili washindwe kesi, kisha wakarudishwa kuwa wenyeji wa kuchungwa na bwana shauri. Rufaa ya kwenda London, Baraza la Faragha, yaani mahakama ya mwisho ya makoloni, ikaishia njiani kwa kukosa fedha.

Kaka Moshi

Subiri. Yaani ni dola huru, lakini chifu wao mkuu ametengenezwa na Mwingereza, na ni mtoto mdogo?

Wakili wa Kijijini

Ndiyo hivyo, kaka. Na Girouard mwenyewe alijiuzulu 1912, maana London iligundua hakuwa anawaambia ukweli kuhusu uhamisho huu na ahadi alizowapa walowezi.

Laikipia Yetu

Mnazunguka mbuyu. Ule mkataba wa 1904 ulikuwa wa miaka 99, uliisha 2004, ardhi irudi. Ndiyo maana watu waliandamana.

Wakili wa Kijijini

Ndugu, hili nalijibu taratibu kwa sababu watu wameumia kwalo. Mkataba wa 1904 hauna miaka 99 ndani yake. Unasema muda wote Wamaasai watakapokuwapo. Miaka 99 imetoka kwenye sheria ya ardhi ya mwaka 1902, iliyoruhusu walowezi kukodishiwa kwa kipindi hicho. Mwaka 1915 sheria mpya ikaongeza hadi miaka 999. Agosti 2004, karne ilipotimia, Wamaasai wakaandamana na kuingiza mifugo kwenye ranchi za Laikipia, serikali ikajibu kwamba hati nyingi ni za 999, ikapeleka polisi, mzee mmoja akapigwa risasi akafa.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 65, ikasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Lakini hiyo inawagusa wasio raia tu, na ukodishaji ukiisha ardhi hairudi kwa Wapurko yenyewe kama mbuzi jioni.

Laikipia Yetu

Basi hata hoja tuliyokufia nayo ilikuwa ya karatasi yao.

Dada Olbalbal

Shikamooni wazee. Nawasoma tangu jana toka Ngorongoro. Mnaongea kama haya ni ya Kenya tu.

Aprili 1958, Serengeti. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitaka wafugaji watoke kwenye hifadhi. Waliandikiwa karatasi, wakasaini malaigwanani 12 kwa niaba ya Wamaasai wote waliokuwa wanaishi humo, kwamba wanaachana na haki yao na hawatavuka tena mstari. Wakaambiwa kaeni Ngorongoro, huko mtaishi na mifugo yenu. Mwaka 1959 ikaundwa hifadhi ya Ngorongoro kwa msingi huo. Bibi yangu alizaliwa Moru, sasa iko ndani ya Serengeti, na alikuwa anaimba majina ya visima vya kule wakati anakamua. Tulijua majina, visima hatujawahi kuviona.

Halafu mwaka 2022 wenzetu wakaanza kubebwa kwenda Msomera, Handeni, na Loliondo vikasimikwa vigingi kwenye kilomita za mraba 1,500. Tukiuliza ahadi ya 1959 tunaambiwa wazee wenu walihusishwa. Wazee gani? Laigwanani anayepokea posho ya kikao siku hizi ni rahisi kumpata kuliko mwenye rungu.

Kwa hiyo mzee wa mnada, hao 12 hawakuwa malaiboni. Walikuwa malaigwanani wa kweli. Na bado.

MzeeWaMnada

Marahaba mwanangu. Nimekusoma mara tatu. Umenivuruga, maana mimi nilidhani kosa ni kumchukua mtu asiye sahihi. Wewe unasema hata ukimchukua aliye sahihi, ukimtenga na kikao chake anageuka kuwa mtu mwingine.

Dada Olbalbal

Ndivyo. Watu 12 wakiwa mezani kwa bwana shauri si kikao. Kikao ni wazee wote chini ya mti, siku mbili, tatu, mpaka wa mwisho mwenye kinyongo aseme.

Enkare

Naongeza moja la Waogiek wa Mau, majirani zetu wa msituni. Wao hawana hata laiboni wa kupachikwa uchifu, wanaishi kwa koo na mizinga yao ya asali, kila ukoo na msitu wake. Kwa miaka serikali ilisema hakuna wa kuongea naye. Walienda Mahakama ya Afrika hapo Arusha, tarehe 26 Mei 2017 wakashinda, na tarehe 23 Juni 2022 mahakama ikaamuru walipwe shilingi za Kenya 157,850,000 na warudishiwe ardhi yao ya asili. Novemba 2023 nyumba zao kwenye msitu wa Maasai Mau zilikuwa zinabomolewa.

Chumvi Kiasi

Karanga zimeniishia na hamu ya utani imeisha. Ila nina swali moja. Mzee wa mnada, wale wenzake na yule mzee walikuja, au ulirudi mikono mitupu?

MzeeWaMnada

Walikuja. Wawili, kwa miguu, hawana haraka hata kidogo. Wakasalimia, wakauliza habari za mvua za Longido, wakaomba chai. Kisha wakapita katikati ya ng'ombe mmoja mmoja, wanapapasa nundu, wananong'ona. Wakafika kwa dume mmoja mwenye baka jeupe ubavuni, wakasimama. Wakamwita mzee wangu pembeni.

Kumbe yule dume ni wa nyumba ya mke mdogo, alishagawiwa mtoto, na mtoto yuko shuleni Kajiado hajaulizwa. Mzee akacheka, akasema alikuwa amesahau. Nikatoa hela ya mmoja, nikalipa ya kumi. Wakaweka madole matatu kwenye karatasi, la mzee katikati.

Yule mwenye baka kabaki. Nilijaribu kuongeza bei, wakaniambia nije likizo ya Agosti.